Mchanga Ulio Chini ya Maji ya Nakivubo

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi wa maji. Jambo hilo ni namna mtiririko wa mto, pamoja na udongo unaobebwa na mto huo, unavyoweza kuhesabiwa kabla mto wenyewe haujafurika. Tutalianzia Kikuubo, katikati ya Kampala, kwa kuwa hapo ndipo hesabu hiyo inapomgusa mtu wa kawaida mfukoni mwake, na hapo ndipo askari hupelekwa mvua inapozidi.

Kila aliyepata kufanya doria katika sehemu hiyo anaijua Kikuubo. Neno lenyewe kwa Kiganda lina maana ya ujia mwembamba, na ujia huo umekuwa ghala la nchi nzima. Sukari, sabuni, chumvi, mchele na mafuta ya kupikia huuzwa hapo kwa jumla, na wanunuzi hutoka wilaya zote za Uganda, na wengine huvuka mpaka kutoka Sudan Kusini, Rwanda na mashariki ya Kongo. Wachukuzi hupita na magunia mgongoni tangu alfajiri, wala hapana nafasi ya kupishana. Gunia la sukari likilowa halina thamani tena, na mwenye duka mara nyingi amekopa fedha za kulinunulia. Kwa hiyo maji yakiingia Kikuubo, duka dogo la Arua au la Kisoro nalo hupata hasara, ingawa huko huenda hata tone la mvua halikuanguka.

Sasa tutazame mahali Kikuubo ilipo. Kampala ni mji wa vilima na mabonde. Sehemu ya maji yanayoanguka juu ya Makerere, Kampala ya Kale, Namirembe, Mengo na Nakasero hushuka kuelekea bonde moja, na katika bonde hilo umepita mfereji wa Nakivubo. Mfereji huu hupita karibu na maegesho ya taksi na mabasi, soko la Owino ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, na uwanja wa mpira wa Nakivubo. Kisha huelekea eneo la viwanda, hupita kati ya Bugolobi na Namuwongo, huingia katika kinamasi cha mafunjo, na mwisho humwaga maji yake katika Ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyohiyo, upande wa Ggaba, Shirika la Taifa la Maji huchota maji ambayo wakazi wa jiji hunywa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfereji huo ulipanuliwa kwa mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na jiji likatayarishiwa mpango mkuu wa mifereji yake yote, Nakivubo, Lubigi, Nalukolongo, Kinawataka na mingineyo. Hata hivyo, mafuriko hayakukoma. Machi 26, 2025 mvua kubwa iliyonyesha Kampala ilijaza maji barabarani na katika makazi ya mabondeni, na watu wasiopungua saba waliripotiwa kufa. Watu hao hawakufa vitani wala katika ajali ya gari. Walikufa katika mji wao, kwa maji ya saa chache. Ni haki kuuliza: ikiwa mfereji ulipanuliwa, maji haya yanapata wapi nguvu ya kutoka nje ya kingo zake?

Sehemu ya jibu inajulikana na wengi. Paa la bati, lami na zege havinywi maji. Chukua kilometa moja ya mraba ya kilima, na mvua yenye nguvu ya milimita 60 kwa saa. Ikiwa kilima hicho kimefunikwa na majengo kiasi kwamba sehemu nane katika kumi za mvua hushuka moja kwa moja, basi chini yake zitapita mita za ujazo 13 za maji kila sekunde, yaani tani 13. Kilima hichohicho kikiwa na nyasi na migomba, na sehemu tatu tu katika kumi zikishuka, zitapita tani tano. Mvua ni ileile na kilima ni kilekile, ila kilichobadilika ni kazi ya mikono ya watu.

Lakini sehemu ya pili ya jibu haionekani kwa macho, kwa maana imelala chini ya maji. Nayo ni mchanga na tope.

Ili tuielewe, hapana budi kwanza tueleze maana ya kile ambacho wataalamu hukiita kielelezo cha hesabu. Si picha, wala si mfano wa udongo uliofinyangwa mezani. Ni daftari. Muuza jumla wa Kikuubo anayejua kazi yake huifungulia kila bidhaa ukurasa wake: mzigo ulioingia upande mmoja, uliotoka upande wa pili, na salio chini. Mhandisi naye huugawa mfereji vipande, tuseme vya mita 50 kila kimoja, na kila kipande hukifungulia ukurasa. Upande mmoja huandika maji yaliyoingia katika sekunde tano, kutoka kipande cha juu yake na kutoka mitaro ya pembeni. Upande wa pili huandika yaliyotoka. Salio likiwa la ziada, kina cha maji kimepanda. Likiwa la upungufu, kimeshuka. Kisha hugeuza ukurasa na kuhesabu sekunde tano zinazofuata.

Ni kiasi gani kitoke katika kila kipande? Hapo huingia kanuni ya pili, inayopima mvutano wa nguvu: mteremko unayasukuma maji mbele, kuta na sakafu ya mfereji zinayazuia kwa msuguano, na kina kikubwa cha nyuma huyasukuma maji kuelekea kina kidogo cha mbele. Milinganyo ya mambo hayo mawili iliandikwa na mhandisi wa Kifaransa, Saint-Venant, mwaka 1871. Naye Robert Manning, mhandisi wa Ireland, alitoa mwaka 1889 kanuni ya msuguano ambayo wahandisi duniani kote wanaitumia hadi leo. Kwa hiyo elimu yenyewe si ngeni. Taabu ilikuwa ni wingi wa hesabu. Kwa kilometa tisa za mfereji tutakuwa na vipande 180. Tukitaka kuhesabu saa tatu za mvua kwa hatua za sekunde tano, daftari letu litakuwa na kurasa zaidi ya 388,000. Karani mmoja akimaliza ukurasa mmoja kwa dakika, bila kulala, atahitaji siku 270. Mafuriko yatakuwa yamekwisha sahaulika.

Wala haiwezekani kuipunguza kazi hiyo kwa kuchukua hatua ndefu za wakati, kama karani mvivu angependa. Mwaka 1928 wanahisabati watatu, Courant, Friedrichs na Lewy, walionyesha kwamba hatua ikiwa ndefu kiasi cha kuliruhusu wimbi kuruka kipande kizima bila kuandikwa, hesabu huvurugika na kutoa majibu ya kichaa.

Aliyeondoa taabu hiyo ni kompyuta, na hapa askari wana haki ya kudai sehemu yao ya sifa. Mashine iliyoitwa ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza duniani, ilitengenezwa kwa ajili ya Jeshi la Marekani ili kuhesabu majedwali ya mizinga, yaani ile karatasi inayomwambia mpigaji ainue mtutu kwa nyuzi ngapi ili kombora lifike umbali fulani. Ilizinduliwa mwaka 1946 baada ya vita kwisha, na mwaka 1950 mashine hiyohiyo ilitumiwa kuhesabu utabiri wa hali ya hewa. Katika miaka hiyo ya 1950 wanahisabati wa New York, akiwamo Stoker, walitumia kompyuta kuhesabu mafuriko ya mto Ohio na kulinganisha majibu na yale yaliyokwisha tokea. Hesabu na mto vilikubaliana vizuri. Tangu hapo kazi imekuwa ikikua, na leo kompyuta ndogo ya mezani humaliza kurasa zile 388,000 katika muda wa mtu kunywa chai.

Mfano wa jedwali la mizinga unafaa kwa njia nyingine pia. Hakuna kamanda anayekaa kuhesabu njia ya kombora huku adui akimpiga. Jedwali huwa tayari mkobani. Ndivyo ilivyo Kampala. Mvua ya mji huu mara nyingi ni kali na fupi, na kutoka mlimani hadi bondeni maji hayahitaji hata saa moja. Kielelezo hakiwezi kuanza kutengenezwa mvua ikinyesha. Faida yake ni kuhesabu mapema: mvua ya milimita 30 itafika wapi, ya 60 itafika wapi, barabara ipi itafungwa kwanza, kalvati ipi itazidiwa, na watu watoke kwa njia ipi. Mkuu wa kituo mwenye ramani ya namna hiyo ukutani anajua mahali pa kuweka watu wake na kamba zao kabla wingu halijapasuka.

Sasa turudi kwenye mchanga, maana ndio shabaha yetu.

Daftari tulilolieleza lina kasoro moja kubwa: linadhani kwamba sakafu ya mfereji haibadiliki. Lakini maji ya Nakivubo si maji matupu. Barabara zisizo na lami, viwanja vya ujenzi, miteremko iliyokatwa ili kupata nafasi ya nyumba, yote hutoa udongo mwekundu kila mvua inaponyesha. Wataalamu huuita udongo huo unaosafirishwa na maji mashapo. Maji yanapokimbia huweza kubeba mashapo mengi, na uwezo huo hukua upesi kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukizidi mara mbili, mzigo unaoweza kubebwa huzidi mara nane au hata zaidi. Kinyume chake ni kibaya vilevile. Mteremko unapopungua na maji kutembea polepole, mzigo hutupwa chini papo hapo, kama mchukuzi aliyeishiwa pumzi. Na mteremko hupungua wapi? Miguuni mwa vilima, bondeni, mahali palepale ambapo soko na maegesho ya magari yamejengwa.

Tena si kila chembe huanguka kwa wakati mmoja. Katika maji yaliyotulia yenye kina cha mita moja, chembe ya mchanga yenye upana wa sehemu mbili katika kumi za milimita hufika chini kwa muda wa dakika moja hivi. Chembe ya tope laini, iliyo ndogo mara kumi, huchukua zaidi ya nusu saa. Ile ya udongo wa mfinyanzi, ndogo mara kumi tena, huchukua siku tatu na zaidi. Ndiyo sababu mchanga hubaki mjini na kuinua sakafu ya mfereji, tope hufika kwenye kinamasi, na ule udongo laini kabisa huenda hadi ziwani kuwapa kazi mafundi wa Ggaba. Mafunjo ya kinamasi, kwa kuyachelewesha maji, hulishika tope hilo pamoja na uchafu wake, na shamba la magimbi linalochukua nafasi ya mafunjo haliifanyi kazi hiyo vizuri kama yalivyoifanya.

Kwa hiyo daftari huongezewa safu nyingine: mashapo yaliyoingia katika kipande, mashapo yaliyotoka, na salio lake ndilo linaloinua au kuchimba sakafu. Kanuni hiyo ya salio iliwekwa na mwanasayansi wa Austria, Exner, katika miaka ya 1920. Mwaka 1936, mjini Berlin, Albert Shields alitoa kipimo cha nguvu ya maji inayotosha kuing'oa chembe ya ukubwa fulani mahali ilipolala. Na mwaka 1950 Hans Albert Einstein, mwana wa yule Einstein mashuhuri, alichapisha njia ya kukadiria mzigo wa mchanga unaobiringika mtoni. Wapo wanaoona kwamba mwana alichagua somo gumu kuliko la baba yake, na kwa kweli hesabu ya mashapo hata leo ina makosa makubwa kuliko hesabu ya maji. Mtaalamu mwaminifu huridhika iwapo jibu lake la mashapo halikukosea kwa zaidi ya mara mbili.

Basi mchanga huo una madhara gani? Hapa tunawaomba wasikilizaji wasikilize kwa makini, kwa sababu akili ya kawaida hudanganya. Mtu husema: mfereji wenye kina cha mita tatu ukijaa mchanga mita moja, umepoteza theluthi ya nafasi yake, kwa hiyo umepoteza theluthi ya uwezo wake. Sivyo. Maji yaliyo membamba huburutwa zaidi na sakafu, hivyo mbali na kuwa machache, hutembea polepole pia. Kwa kanuni ya Manning, mfereji mpana uliopoteza theluthi ya kina chake umepoteza karibu nusu ya maji unayoweza kuyapitisha. Na ikiwa juu ya mchanga huo kumelala chupa za plastiki, matambara na majani kiasi cha kuongeza msuguano mara mbili, nusu hiyo nayo hugawanywa tena kwa mbili. Imebaki robo. Mfereji bado upo na kuta zake za zege zinaonekana madhubuti, na mpita njia haoni kasoro yoyote. Lakini tangu mvua za Machi hadi za Novemba umekuwa mfereji mwingine.

Hapo ndipo tunaposema kwamba kielelezo kinachohesabu maji na kuuacha mchanga ni sawa na taarifa ya upelelezi inayohesabu bunduki za adui na kusahau risasi. Kikipimwa mfereji wakati wa kiangazi, mara tu baada ya kuchimbwa na kusafishwa, kompyuta itajibu kwamba Kikuubo iko salama. Jibu hilo litakuwa kweli kwa mfereji uliopimwa. Mvua, hata hivyo, itanyesha juu ya mfereji uliopo.

Uganda si mgeni katika elimu hii. Katika mradi wa UN-Habitat wa miaka ya 2012 na 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente cha Uholanzi walifanya kazi pamoja na wenzao wa Makerere na Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, katika bonde la Lubigi, lile linalopokea maji ya Bwaise na Kawempe. Kielelezo walichotumia kiitwacho LISEM kina asili ya kuvutia: kilitungwa kwanza huko Limburg, Uholanzi, ili kuhesabu udongo unaomomonyoka mashambani. Yaani mzazi wake ni mashapo. Katika Lubigi kiligawa vilima na bonde katika miraba midogo kama ubao wa drafti, na katika kila mraba kikahesabu mvua iliyoanguka, iliyonywewa na ardhi, na iliyoshuka kwa jirani. Funzo moja lililotoka humo ni kwamba kupanua mfereji bondeni peke yake hakutoshi. Maji yanapaswa kuzuiliwa pia huko juu, kwa matangi ya paa, mashimo ya kunyonya maji na ardhi iliyoachwa na nyasi. Kazi kama hiyo isiishie katika ripoti nene zinazofungiwa kabatini, jambo ambalo wahandisi wetu, na si wa hapa tu, wamelizoea kupita kiasi.

Nje ya Kampala mito imetoa mafunzo makali zaidi. Huko Kasese, mto Nyamwamba unaotoka Rwenzori ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukashuka na mawe makubwa yaliyoliharibu eneo la Kilembe pamoja na hospitali yake. Mawe hayo yakibaki mtoni huinua sakafu, na gharika inayofuata hutafuta njia nyingine, hata kama ni kupitia nyumba za watu. Mei 2023 mto Katonga uliikata barabara kuu ya Kampala na Masaka, na polisi wa usalama barabarani wakalazimika kuyapeleka magari kupitia Gomba na Sembabule. Malori ya Kikuubo yanayokwenda Mbarara na mpakani yalikuwa miongoni mwa yaliyozunguka. Jirani zetu wa Dar es Salaam nao wana bonde la Msimbazi pale Jangwani: mchanga huchotwa chini ya daraja, na mvua inayofuata huurudisha, kwa sababu vilima unakotoka havijaacha kumomonyoka.

Mwaka 2025 ulizuka mjini Kampala ubishi mkubwa juu ya kazi ya kuifunika sehemu ya mfereji wa Nakivubo kwa zege na kujenga juu yake. Mazungumzo haya hayakuandaliwa ili kuamua ubishi huo. Lakini hesabu ina mambo mawili ya kusema, nayo hayategemei mtu yuko upande gani. La kwanza, mfereji uliofunikwa ukijaa hadi maji yakagusa dari, dari nayo huanza kuyazuia, na badala ya kupitisha zaidi hupitisha pungufu kidogo, huku maji ya nyuma yakipanda kwa haraka. La pili, mchanga usioonekana hausumbui dhamiri ya mtu. Atakayefunika mfereji lazima aeleze kwa tarakimu mashapo yatapimwaje, mara ngapi kwa mwaka, na mashine ya kuyachota itaingilia wapi.

Wengine huuliza kuhusu Ziwa Victoria, ambalo mwaka 2020 lilipanda kupita kimo cha mwaka 1964. Je, ziwa likipanda, Kikuubo hufurika? Hapana, Kikuubo iko juu mno kuliko ziwa. Ila sehemu ya chini ya mfereji hupata taabu, maji hutuama kwenye kinamasi, mashapo hutupwa mapema zaidi, na kila mwaka sakafu iliyoinuka huenda ikasogea kuelekea mjini. Kielelezo kizuri lazima kikaanzie mlimani na kukoma ziwani.

Imebaki kusema jambo linalowahusu ninyi askari moja kwa moja, wala si jambo la kuwatia watu majini. Kama vile mpigaji mizinga hurekebisha shabaha baada ya kuona kombora la kwanza limeanguka wapi, mhandisi naye hukirekebisha kielelezo chake kwa kulinganisha na mafuriko yaliyokwisha tokea. Bila ushahidi wa anguko la kwanza, jedwali ni karatasi tu. Na ushahidi huo ni haba. Mvua ya Kampala inaweza kupiga Makerere na kuiacha Bugolobi kavu, hivyo kipimo kimoja cha mvua hakitoshi kwa jiji zima. Ubao wa kupimia kina uliopigiliwa kwenye ukingo wa mfereji huweza kung'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kifaa cha kupimia mvua juu ya paa kina betri, na betri ina mnunuzi. Askari wa zamu akimwona mtu anakifungua kifaa hicho, asimwache apite kwa kudhani kwamba ni mali isiyo na mwenyewe, maana aibaye kipimo cha maji amemfumba macho mlinzi wa bonde zima.

Zaidi ya hayo, polisi wana daftari ambalo wahandisi wangetamani kuwa nalo: kitabu cha matukio cha kituo. Usiku wa mafuriko askari huandika kwamba maji yameingia madukani na kwamba hali imedhibitiwa. Kwa mahakama hayo huenda yakatosha. Kwa kielelezo hayatoshi hata kidogo. Iandikwe saa maji yalipoanza kuvuka ukingo, na pembeni mwa kalvati ipi. Iandikwe yalifika wapi ukutani, kwa kupimwa kutoka chini kwa futi ya fundi na kuwekewa alama ya rangi kabla mwenye duka hajaosha ukuta. Iandikwe saa yalipoanza kushuka. Na asubuhi, maji yakiisha, upimwe unene wa mchanga uliobaki sakafuni mwa mfereji na barabarani, na itajwe kama ni mchanga wa kusugua mkononi au tope la kuteleza. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji koplo mmoja, tochi, futi na kalamu.

Vipimo hivyo vikipelekwa kwa wahandisi wa KCCA baada ya kila mvua kubwa, kwa misimu miwili tu, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba, watakuwa na makombora kadhaa ya kurekebishia shabaha. Wataweza kusema mchanga wa Kikuubo unatoka kilima gani hasa, mfereji usafishwe mwezi gani, na tope lililochotwa lipelekwe umbali gani, kwa sababu likiachwa ukingoni mvua ya kwanza hulirudisha ndani na fedha za uchimbaji zimepotea. Alama za kwanza za rangi ziwekwe pale kwenye madaraja ya kuelekea Owino, ambako kuta ziko karibu na taa za barabarani zinasaidia kusoma usiku.